Nusu Moyo Ukutani

Krrr. Kimya kidogo. Krrr-krrr.

Kulikuwa bado giza, saa ile ambayo usingizi huwa mtamu kuliko mshahara, na mwalimu alipofumbua macho alidhani ni panya. Alitega sikio. Sauti ilikuwa kavu, ya kukwaruza, kama mtu anayeburuta kigae juu ya saruji. Akamgusa mumewe begani.

"Baba Chiriku, kuna panya humu ndani."

"Mwache," mume akajibu kutoka chini ya shuka. "Akipata cha kula atuamshe na sisi."

Krrr-krrr. Ilikuwa inatoka nyuma ya pazia, kwenye kitanda cha mtoto. Mwalimu aliupapasa ukuta mpaka akalifikia pazia, akalivuta, akainama. Binti yake alikuwa amelala chali, ngumi zimekunjwa juu ya kifua, na taya zikienda huku na huku. Alikuwa anasaga meno. Mtoto wa darasa la tatu, ambaye meno ya mbele ndiyo kwanza yameota, anayasaga kana kwamba amepewa kitu kigumu akitafune na amekatazwa kukitema.

Mwalimu alimwekea kiganja shavuni. Taya zikatulia. Alipouondoa mkono, zikaanza tena.

Jina la Chiriku alipewa na bibi yake, kwa sababu tangu alipojua kusema hakujua kunyamaza. Alisema akila, alisema akioga, alisema hata akiwa anapiga mswaki, povu likimtiririka hadi kwenye kidevu. Baba yake alizoea kutania kwamba iko siku watamtafutia swichi. Basi sasa ilikuwa kama mtu ameiona hiyo swichi na kuizima. Muhula wote huu Chiriku alikuwa akijibu "ndiyo" na "hapana", anamaliza chakula, anaosha sahani yake, anakwenda kulala. Majirani walimsifu: mtoto ametulia, amekuwa mkubwa. Mwalimu naye, Mungu amsamehe, mwanzoni alifurahi.

Alikaa pembeni mwa kitanda kile mpaka dirisha likaanza kuwa la kijivu, akilisikiliza lile kwaruzo, na hasira zikimpanda bila kujua azielekeze wapi.

* * *

Kilichomkera zaidi ni kwamba haya ndiyo mambo aliyoyasomea. Aliyasomea jioni, baada ya kazi, kwanza mtoto akiwa mgongoni na baadaye akiwa amelala juu ya meza mbili zilizounganishwa nyuma ya darasa la watu wazima. Huko alifundishwa kwamba mtoto mwenye kinyongo hubeba mzigo mzito kuliko mkoba wake. Akisaidiwa kuutua, hulala vizuri, husoma vizuri, hucheza vizuri. Aliyaamini maneno hayo kwa moyo wote. Bado aliyaamini. Lau angekuwa hayaamini, angelala.

Ndipo akabuni Kipindi cha Kusameheana. Kila Ijumaa, kipindi cha mwisho, aliyemkosea mwenzake anasimama mbele, ananyoosha mkono na kusema, "Naomba unisamehe." Aliyekosewa anaupokea mkono na kusema, "Nimekusamehe." Darasa linapiga makofi. Kila mmoja anapewa nusu ya moyo uliokatwa kwa karatasi nyekundu, halafu wanakwenda pamoja ukutani kuzibandika hizo nusu mbili ziwe moyo mmoja.

Wazo lilikuwa zuri. Ila siku ya kwanza hakuna mtoto aliyetaka kusamehe. Aliyekosewa aliangalia viatu vyake, aliyekosea akaangalia dari, na darasa zima likaanza kucheka chinichini. Mwalimu akakwama. Watoto wa watu wana wenyewe. Ukimlazimisha mtoto wa mtu leo, kesho mzazi yuko mlangoni amekunja mikono ya shati. Na mwanawe mwenyewe alikuwa pale pale, dawati la pili, darasa hilohilo, kwa kuwa shule ilikuwa na darasa la tatu moja tu.

Kuhusu hilo walikuwa wamekwisha kuwekeana sheria. "Hapa mimi ni Mwalimu," alimwambia siku ya kufungua shule. "Mama yuko nyumbani." Ofisi ya walimu ilikuwa na macho, na kitu alichokiogopa kuliko kaguzi zote ni kusikia kwamba anampendelea mwanawe.

Kwa hiyo siku ile alimtazama Chiriku, akamtikisia kichwa kidogo. Kidogo tu, kama unavyomwambia mtu "haya, twende". Asubuhi hiyo mtoto mmoja alikuwa amemsukuma Chiriku kwenye foleni ya bomba, soksi zikalowa chapachapa. Chiriku akainuka, akaupokea mkono. "Nimekusamehe." Makofi. Na wengine, walipoona njia imefunguliwa, wakafuata.

Tangu hapo ikawa mazoea. Kila Ijumaa Chiriku ndiye wa kufungua njia.

Halafu ikaja habari ya feni. Baba Chiriku alikuwa fundi wa mafriji, na katika takataka za karakana alimwokotea binti yake mota ndogo. Wakaifunga kwenye kipande cha mbao, wakaitia betri na panga la plastiki lililokatwa kwenye ndoo mbovu. Ilizunguka kweli. Ilipuliza kaupepo kembamba ambako Chiriku alikapima kwenye nyusi za kila aliyeingia nyumbani. Aliipeleka shule kwa ajili ya meza ya sayansi. Kabla ya mapumziko, Springi alikuwa ameshaifungua.

Springi lilikuwa jina lake tangu darasa la kwanza, maana hakuna kiti kilichowahi kumshika. Alitaka kuona ndani kuna nini. Panga likakatika, waya ukachomoka. Na kabla Chiriku hajafungua mdomo, Springi alishanyoosha mkono. "Naomba unisamehe!" alisema, huku jicho moja likiwa kwenye ukuta wa mioyo.

Chiriku alimtazama mama yake. Na mama yake, mbele ya watoto wote, akamtikisia kichwa.

Hilo ndilo alilokuwa analiwaza asubuhi hii jikoni, akiziba mdomo wa chupa ya chai kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

* * *

Alhamisi hiyo, wakati wa mapumziko, alipita nyuma ya madarasa akitoka stoo kuchukua chaki, akasikia wasichana wawili wa darasa lake wakinong'ona upande wa pili wa tangi la maji.

"Nikukanyage, halafu nikuombe msamaha, tugawane moyo."

"Sawa. Lakini usinikanyage kidole kidogo, kina kidonda."

"Basi nikuchanie karatasi."

"Mama yangu atanichapa. Nenda kwa Chiriku bwana, yeye hakatai."

"Nimeshaenda kwa Chiriku mara mbili."

"Nenda tena. Yule hawezi kukataa, ni mtoto wa mwalimu."

Mwalimu alisimama pale, boksi la chaki kifuani. Kwanza alitaka kucheka. Halafu alitaka kulitupa lile boksi. Wiki zote hizo alikuwa akijisifu moyoni jinsi ukuta ulivyojaa, kumbe ule ukuta ulikuwa soko, na bidhaa ilikuwa mwanawe.

Alikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Mkuu.

"Karibu, kaa," alisema Mkuu bila kuinua macho. "Hapana, usikae, utanichelewesha. Nini?"

"Ni kuhusu kesho, Mkuu. Wageni wa ofisi ya elimu. Naomba tusiwaonyeshe kipindi cha kusameheana. Kina kasoro, nataka kukirekebisha."

"Kasoro gani?"

"Watoto wanasameheana bila kusameheana."

Mkuu akaweka kalamu chini. Kwenye kona, Mwalimu wa Hesabu, aliyekuwa akimalizia chai yake, akaongeza, "Hiyo hesabu hata mimi sijaisoma."

"Wanakoseana makusudi ili wapate mioyo," mwalimu akaeleza, sauti ikianza kumtoka kwa kasi. "Na anayelazimika kusamehe ni mmoja. Anasema neno, lakini neno halijatoka ndani. Mtoto anameza tu, anameza tu..."

"Mwalimu," Mkuu akamkatiza kwa upole ule wa kumfunga mtu mdomo. "Shule nyingine watoto wanapigana mpaka wanang'oana meno. Wewe unakuja kunilalamikia kwamba wako wanasameheana kupita kiasi? Wageni wanakuja kuona ukuta wako. Wa madarasa yaliyokuiga una mapengo kama mdomo wa babu yangu. Tumeelewana?"

"Lakini Mkuu..."

"Na utatumia mfano wa ile feni. Nimeisikia, ni nzuri sana. Mtoto wa mwalimu mwenyewe anasamehe! Watapenda."

Akainua kalamu. Mwalimu wa Hesabu alimfuata mpaka kwenye korido. "Pole, mwenzangu," alisema. "Ila ungekuja kusema watoto wako ni watukutu, angekusikiliza mpaka jioni."

Mwalimu hakucheka. Machozi yalikuwa karibu, na machozi ya hasira ni mabaya zaidi, kwa sababu watu hudhani unataka kubembelezwa.

Alipogeuka, karibu amkanyage Springi, aliyekuwa akiruka mguu mmoja mmoja mbele ya mlango wa darasa.

"Mwalimu, nikuulize swali?"

"Uliza ukiwa umesimama."

Alijitahidi. "Chiriku alisema amenisamehe, si ndiyo? Mbele ya watu. Na moyo tumebandika."

"Ndiyo."

"Sasa mbona hachezi na mimi? Zamani tulikuwa tunacheza. Nikimwita anasema 'hapana asante', kama mtu mkubwa." Akapangusa pua kwa mkono wa sweta. "Nimpe na nusu yangu? Ukiniruhusu nitaibandua."

Mwalimu alikuwa na majibu mengi kutoka kwenye masomo ya jioni. Aliyaacha yote.

"Ulimuuliza kama aliumia?" alisema.

Springi akamkodolea macho. "Hiyo haimo kwenye kipindi," alisema.

Kweli. Haikuwamo.

* * *

Jioni, akiwa bado na viatu vya kazini, alimkuta Chiriku sakafuni akikunja nguo, pindo kwa pindo, kwa unadhifu usio wa mtoto. Mwalimu akapiga magoti mbele yake. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima. Sasa yote yakamkimbia, likabaki lile alilozoea kulifundisha. Bila kufikiri alijikuta amenyoosha mkono.

"Mwanangu, nimekukosea. Naomba unisamehe."

Chiriku aliacha kukunja. Akaupokea mkono, akausimamisha mgongo, akasema kwa sauti ya mbele ya darasa, "Nimekusamehe."

Halafu akanyamaza, macho yakiwa kwenye ukuta, akisubiri. Mwalimu hakuelewa anasubiri nini. Kisha akaelewa: mtoto alikuwa anasubiri makofi.

"Kweli?" aliuliza.

"Kweli, Mwalimu."

Hapa nyumbani. Sakafuni, kati ya soksi na mashuka. *Mwalimu.*

Akainuka, akaenda jikoni, akafungua bomba akalifunga, akalifungua tena. Baba Chiriku alikuwa kwenye meza akisafisha bisibisi zake kwa kitambaa. Alimtazama mkewe mgongo kwa muda.

"Unajua, mama, friji ikiwa inavuja..."

"Usianze na mafriji yako."

"Nimefunga mdomo."

"Siku nzima leo kila mtu ananiambia lake. Mkuu ananiambia lake, Hesabu anafanya utani. Sasa na wewe unaniletea friji." Alilipiga kofi lile bomba. "Nimeharibu, Baba Chiriku. Nilitaka mtoto atue mzigo, nimempakia wa darasa zima. Nikimwomba msamaha ananipa ule ule wa ukutani. Hata kukasirika na mimi hajui tena!"

Mume aliweka bisibisi chini. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Kwenye nyumba ya Chiriku nafasi hiyo ilikuwa imeshajaa siku zote.

"Ile feni," alisema taratibu. "Wiki iliyopita nilimwambia aniletee, nimwekee panga jingine. Kazi ya dakika chache. Akasema hapana."

"Kwa nini?"

"Alisema, 'Haiwezekani, baba, imeshasamehewa.'"

Bomba lilikuwa likidondoka. Mwalimu alilikaza, na mkono ukabaki palepale juu ya koki.

Kwa hiyo hivyo ndivyo mtoto alivyoelewa. Kwamba kikishasamehewa hakiguswi. Hakitengenezwi, hakililiwi, hakisemwi. Umepewa nusu moyo wa karatasi, basi, funga mdomo. Na nani alimfundisha? Kichwa kimoja kilichotikiswa kidogo, kila Ijumaa.

"Nimkatalie Mkuu kesho?" aliuliza. "Nimwambie mtoto anaumwa?"

"Utamwambia wiki hii. Na wiki ijayo?"

Usiku huo hakuhitaji kutega sikio. Lile kwaruzo lilimfuata mpaka kwenye usingizi wake.

* * *

Ijumaa ukuta ulipigwa kitambaa, madirisha yakapigwa kitambaa, hata watoto karibu wapigwe kitambaa. Wageni walikuwa wawili: mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, na bwana aliyekuwa akipiga picha kwa simu kila kilichosimama. Mkuu aliwatembeza kwenye ile mioyo myekundu kama mtu anayeonyesha nyumba aliyoijenga mwenyewe.

"Na sasa," alisema, "mwalimu wetu atatuonyesha."

Mwalimu akasimama mbele. Usiku alikuwa ametafuta njia ya kulikwepa hili, akaiona moja tu. "Leo," alisema, "tungependa wageni watusikilize tukizungumza kuhusu hasira. Mtu akikukosea, mwili wako unahisi nini? Nani atuambie?"

Hakuna mkono uliopanda. Watoto walitazamana. Hilo halikuwa kwenye mazoezi. Mmoja akajaribu: "Tunasamehe, Mwalimu?"

"Kabla ya hapo."

Mkuu alikohoa kikohozi cha ofisini. "Labda tuanze na ule mfano," alisema akitabasamu kwa meno yote. "Wewe kijana, njoo. Na wewe binti, yule mwenye feni. Njooni, msiogope."

Springi alikuwa ameshafika mbele kabla hajamaliza kuitwa. Chiriku alitoka dawatini polepole, akijinyoosha sketi. Mwalimu aliona taya lake likienda upande mmoja, kisha mwingine. Mchana kweupe, mbele ya watu, kimyakimya.

"Naomba unisamehe," Springi alisema, mkono mbele. Safari hii hakuangalia ukuta. Alimwangalia Chiriku, na kwa mara ya kwanza tangu aingie shule, miguu yake ilikuwa imetulia.

Chiriku aliutazama ule mkono. Halafu akafanya alichofanya kila Ijumaa: akageuza uso, akamtafuta mama yake.

Shingo ya mwalimu ilitaka kuinama yenyewe. Mazoea yana nguvu. Ni kama mguu unaotafuta ngazi gizani. Mkuu alikuwa akimkazia macho, bwana wa picha alishainua simu. Mtikiso mmoja tu, mdogo, na kila mtu angekwenda nyumbani ameridhika.

Akajikaza. Hakutikisa kichwa.

"Sina jibu la kukupa leo," alimwambia. "Lako ni lipi? Kama hutaki kusema, rudi ukakae. Hutakuwa umekosea."

"Mwalimu," Mkuu alisema chini kwa chini, meno yamekazwa.

"Mpe nafasi, Mkuu. Tafadhali."

Mama wa miwani akamshusha mwenzake mkono wenye simu. Darasa likawa kimya mpaka ukasikia karatasi ya moyo mmoja, iliyobanduka pembe, ikicheza kwa upepo wa dirishani. Springi bado alikuwa amenyoosha mkono. Kisha, kama mtu aliyekumbuka kitu, akaushusha taratibu, akanong'ona, "Uliumia?"

Uso wa Chiriku ulikunjamana. Machozi yalianguka bila kelele, mawili matatu, kwenye kola aliyoipiga pasi mwenyewe. Mwalimu alikuwa na hamu ya kukimbia amkumbatie, na alijua kwamba akifanya hivyo atamziba mdomo tena. Basi akasimama, akangoja.

Chiriku hakumjibu Springi bado. Alimpita kwa macho, akampita Mkuu na wageni na ule ukuta mwekundu wote, akamtazama mwanamke aliyesimama kando ya ubao, na kwa sauti yake ya zamani, ile kubwa, iliyokuwa ikisikika mpaka kwa majirani, akasema:

"Mama, bado nina hasira."